Mtama wa Kumkomboa Mdogo Wangu

Mjukuu wangu mmoja ni mwalimu wa shule hapa mjini. Jioni moja alinijia na kitabu chenye picha za miji iliyopatwa na maafa. Mji mmoja ulipigwa na tetemeko ukalala chini wote, mwingine uliungua siku nne mfululizo, mwingine bahari iliupanda usiku watu wamelala. Alinionyesha mmoja mmoja, nami nikasikitika inavyopasa. Halafu nikamuuliza, "Na Dodoma iko ukurasa gani?"

Akacheka. "Bibi nawe! Dodoma ilipatwa na nini? Vumbi?"

Nilimwambia afunge kitabu chake aende akale kwao. Mimi hasira zangu ziko karibu, hata marehemu mume wangu alilijua hilo na akaishi nalo. Lakini mtoto alipoondoka niliona namwonea bure. Angejuaje? Mji ukiungua kuta nyeusi hubaki, mpita njia akaziona akauliza. Sisi stesheni ilibaki imesimama, boma limesimama, nyumba zimesimama, waliopungua ni watu. Basi nimeomba daftari, naandika mwenyewe. Kusoma nilijifunza ukubwani kwa wamisheni, na macho bado yananitosha ingawa mkono unachoka upesi.

Nazungumzia enzi za Mjerumani, miaka yake ya mwisho. Dodoma ya wakati huo haikuwa mji wa kuringia watu. Palikuwa na reli iliyofika mimi nikiwa mtoto mdogo, stesheni, boma la serikali, maduka machache ya Wahindi, na pembeni matembe yetu Wagogo. Siku hizi tembe mnaliona kwenye picha tu. Ni nyumba ndefu ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, nalo ni la udongo vilevile, limekaa chini kiasi kwamba mtu mzima akisimama nje anaweka mkono juu yake. Juu ya paa tulianika mtama na mlenda, na sisi watoto tulichezea huko mpaka tufukuzwe. Kila mwaka kabla ya mvua lazima paa liongezwe udongo mpya, la sivyo mvua yote unalala nayo. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume.

Baba yangu alifanya kazi kwenye reli, kushindilia kokoto chini ya mataruma. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipoanza, askari waliwakuta yeye na wenzake hukohuko kazini wakawaswaga kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Hakupita nyumbani kuaga. Mwenzake mmoja aliyeachwa kwa sababu ya mguu mbovu alituletea kibuyu chake cha maji, na hicho ndicho tulichopata. Baba hakurudi. Hatukuambiwa amefia wapi, na mama hakukaa matanga hata siku moja, kwa sababu hakujua aanze kumlilia lini.

Tukabaki watatu: mama, mimi niliyekuwa na miaka kama kumi na moja, na mdogo wangu wa kike wa miaka minne. Huyu mdogo wangu alikuwa na kelele! Anaimba akiamka, anaimba akienda haja, na jambo lolote aliloliona lazima alitangaze kwa majirani. Tulimtania kwamba angefaa kuwa mpiga mbiu wa boma.

Kisha wakaanza kuchukua chakula. Jumbe, mkuu wetu aliyewekwa na boma, alikuja na askari, akasema jeshi lazima lile, kila nyumba itoe mtama. Mama akatoa. Wakarudi, akatoa tena. Baada ya hapo tulibaki na mbegu tu, mtama mwekundu mzuri ambao mama aliuteua suke kwa suke kwa mkono wake. Tukasikia wanakuja mara ya tatu. Sasa kila mtu akawa anaficha. Waliofukia sakafuni walikamatwa, maana askari walidunga sakafu kwa vyuma mpaka wakasikia palipo laini. Waliofukia zizini chini ya samadi nao walikamatwa. Mama alisikiliza habari hizi zote huku anasaga, halafu nikamwona anainua macho anatazama dari.

Msimu wa kuongeza udongo ulikuwa umefika. Tulikwangua paa juu juu, tukamwaga majivu ili wadudu wasiingie, tukatandaza mbegu, tukafunika kwa ngozi za ng'ombe, halafu juu yake udongo mpya. Mbegu na ngozi tulizitandika alfajiri, na udongo tukauweka mchana kweupe, watu wanapita. Jumbe mwenyewe alipita akasimama. "Pole na kazi, mama. Kweli wewe mwanamume."

"Nifanyeje, baba," mama akamjibu, "na mwanamume mmeshampeleka?"

Jumbe akaondoka bila kuaga. Nilicheka hadi nikakaribia kuanguka.

Ngozi zilikuwa tano. Mama alikuwa chini anakanyaga udongo, mimi niko juu natandika. Nilitandika nne. Ya tano ilikuwa ile niliyolalia mimi na mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa anakohoa, na sakafu ya tembe usiku ina baridi ya kuingia mifupani. Nikaikunja nikairudisha ndani. Mama alipouliza kama zote ziko, nikasema ziko.

Baada ya wiki chache mvua ikanyesha kabla ya wakati wake. Ilinyesha alasiri moja tu, kubwa, ikakata. Watu wazima wakasema hiyo ni mvua ya uongo, mtu asipande. Sisi tukangoja. Asubuhi ya siku ya nne au ya tano nikiwa narudi kisimani, nikaliona paa letu kwa mbali. Nyumba zote zilikuwa na rangi ya udongo, na yetu kwenye pembe moja ilikuwa ya kijani. Mtama ulikuwa umeota, mwembamba, mzuri, umesimama kabisa.

Nilitupa kibuyu nikapanda juu kung'oa. Nikang'oa kwa mikono miwili, nikiweka kwenye nguo. Na mdogo wangu huko chini ndipo aliponiona. Loo! Furaha aliyokuwa nayo! Alirukaruka katikati ya njia akipiga kelele, "Njooni mwone! Nyumba yetu imeota! Nyumba yetu imeota!" Nikamwambia nyamaza. Nikamwambia nyamaza nitakuchapa. Akadhani namtania, akazidi. Majirani walitoka, wakaangalia juu, wakarudi ndani kimya kimya kwa sababu walielewa. Askari wawili waliokuwa wanakwenda stesheni nao walielewa.

Mmoja wao tulimfahamu, alikuwa akinunua togwa kwa mama. Alipanda akachimba kwa singe, akainua ngozi ya kwanza. "Mama," akasema, "ungepanda maboga yakatambaa paani kama ya watu wengine nisingejua." Akacheka peke yake. Walibeba mbegu yote pamoja na majivu yake, na paa wakaliacha limefumuka.

Mama hakulia wala hakutukana. Aliniita. "Ngozi ulitandika zote?"

"Zote, mama."

Mpaka anakufa aliamini kwamba panya walitoboa. Sikuwahi kumwambia, na sasa nimeliandika hapa, basi.

Mvua ya kweli ilipokuja hatukuwa na kitu cha kupanda, na hatukuwa peke yetu. Hapo ndipo maafa ya mji huu yalipoanza. Watu wa vijijini walisikia mjini kuna treni, na mwenye njaa akisikia treni anafikiri ni chakula. Wakaja kutoka kila upande, wazee na watoto, wakakaa kando ya stesheni wakingoja. Treni zilikuja kweli. Zilikuwa na askari, na nyingine zilikuwa na ng'ombe wetu wenyewe wanapelekwa kuchinjiwa jeshi. Wenye njaa waliwasikia ng'ombe wanalia ndani ya mabehewa. Wahindi walifunga maduka. Asubuhi nikienda kisimani nilipita wale waliolala kando ya reli, na wengine wao hawakuwa usingizini. Nilijizoeza kutazama miguu yangu. Kuna mama mmoja niliyemjua kwa kanga yake ya buluu, kila siku alinisalimia, na siku moja nilimsalimia mimi mara tatu hakuitika, nikaenda zangu kuchota maji.

Nyumbani tulikula mlenda bila chumvi, tukala mizizi, tukachemsha ngozi za ng'ombe tukala, hata ile ya kulalia. Mdogo wangu aliacha kuimba. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, shingo kama kikonyo cha boga, na akikaa hainuki mpaka ainuliwe.

Wakati huo alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa Kondoa, Mrangi, Mwislamu mwenye umri wa baba, aliyekuwa akileta samli na mtama stesheni kwa punda. Alikuwa mtu wa heshima zake, sitaki mtu amfikirie vibaya. Kwao milimani njaa haikuwa imefika. Nyumba nyingi za Dodoma zilikuwa zimeanza kuwapa watu wa Kondoa watoto na kupewa nafaka, na jambo hilo lilikuwa na taratibu zake, mimi nazijua vizuri. Mtoto hauzwi. Mtoto anawekwa. Anakaa kwa mwenye nafaka, anakula kwake, anafanya kazi za kwake. Siku wazazi wakirudisha nafaka, wakaitua ndani ya ua wa yule mtu, mtoto lazima aondoke nao, hata akiwa amezoea, hata wenyeji wakilia. Wasipoirudisha, mtoto ni wa nyumba ile.

Mrangi alinitaka mimi. "Huyu anaweza kusaga," akasema. "Huyo mdogo, dada yangu, nitamfikisha hai kweli?"

"Huyu nikikupa, kaka, nitalima na nani?" mama akasema. "Na huyo akibaki hapa, Jumamosi namzika. Mchukue huyo."

Nilifurahi. Naandika hivyohivyo ilivyokuwa: nilifurahi kwamba si mimi. Mrangi alimtazama mtoto, akashusha vikapu viwili vya mtama ambavyo alikuwa amevileta kuviuza, akatandika gunia tupu juu ya punda, akampakia mdogo wangu na kumfunga kwa kitambaa asianguke. Mdogo wangu hakuwa amewahi kupanda punda. Alitabasamu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akanitazama kuona kama namwonea wivu. Nikatembea kando yake mpaka nje ya mji nikimwambia, "Mtama ukiinamisha vichwa nakuja kukuchukua. Umesikia? Ukiona mtama umeinama, kaa tayari." Akaitikia kwa kichwa.

Mama aligawa mtama ule, nusu mbegu, nusu chakula. Tulihamia kaskazini kwa mjomba wangu, kaka yake mama, huko Haneti, kwa sababu paa letu lilikuwa limeharibika na mjini hapakuwa na sababu ya kukaa. Tukalima kwa mjomba. Mtama ukaota, ukainamisha vichwa, lakini mvua ilikuwa imekatika mapema na tulichovuna hakikufika hata nusu ya kile tulichokopa, na tumbo lilitaka chake. Mama akasema mwakani. Kila nilipopita shambani na kuona suke limeinama, nilijua huko Kondoa kuna mtu amekaa tayari. Nililia sana mwaka ule, nikilia porini ili mama asinione.

Mwakani mtama ulikubali. Lakini vita navyo vikashuka kwa njia ileile ya Kondoa. Waingereza walishika milima ya huko, Wajerumani wakapambana nao, na watu waliokimbia walisema waliisikia mizinga. Njia ikafungwa. Tulificha mavuno yetu kwenye mapango ya mlimani kwa mjomba. Wajerumani wakarudi nyuma, wakapita, wakaondoka hata Dodoma, na bendera nyingine ikapandishwa bomani. Watu wakasema imekwisha. Mama hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alipima vikapu viwili sawasawa na vile vya Mrangi, na baada ya kugawana na mjomba hakikubaki kingine, kimoja kichwani kwake, kimoja kichwani kwangu, na vibuyu vya maji mkononi.

Tulitembea siku sita. Sitaki kueleza njia ile, imeshaelezwa na wengine walioiona: vijiji vilivyoungua, nyumbu wa jeshi wamekufa wamevimba, visima vyenye harufu. Shingo yangu iliuma hata nikasahau kwamba iliwahi kuwa haiumi. Lakini nilikuwa na furaha. Nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia, kwamba nilichelewa lakini nimekuja.

Nyumba ya Mrangi ilikuwa mlimani, kuna kijito chini yake. Kwa adabu, mgeni haingii na mzigo siku ya kwanza, kwa hiyo tuliviegemeza vikapu nje ya ua, tukapiga hodi. Mkewe alitoka, mwanamke mpole ambaye hakujaliwa mtoto wa tumbo lake. Alitutazama, akavitazama vikapu vyetu kwa juu ya bega la mama, akaelewa. Lakini alitukaribisha vizuri, akatupa maji ya kunawa.

Halafu mdogo wangu akatokea nyuma ya nyumba amebeba kibuyu cha maziwa. Alikuwa amenenepa! Ana mashavu, ana miguu yenye nyama, ana ushungi mdogo mweupe kichwani, na alikuwa anaimba. Alipotuona aliacha, akamuuliza yule mwanamke jambo kwa Kirangi. Sikuelewa. Mrangi, aliyekuwa ametoka ndani, akainamisha macho, akatufasiria kwa sababu mama alimwomba. "Anauliza kama wageni hawa watalala."

Mama alimsemesha Kigogo. Mtoto akajificha nyuma ya nguo ya yule mwanamke. Nilichuchumaa nikamwambia mimi ni dada yako, nilikwambia nitakuja, ona nimekuja, na akanitazama kwa adabu tu, akingoja nimalize. Mama akamvuta mkono polepole, akaubonyeza juu, karibu na bega, kama anayenunua mbuzi, akaubonyeza tena. Akamwachia.

Tulikaa siku mbili. Mtoto alikula ugali na maziwa, akabakisha. Alibakisha chakula! Mimi nilikuwa namwambia mama kila saa, "Mama, tuingize mizigo." Naye alisema, "Ngoja." Siku ya tatu asubuhi nikasema sasa naingiza mwenyewe, nikatoka nje ya ua nikashika kikapu. Mama akanifuata akaweka mkono juu yake.

"Nyumbani tumeacha nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu. Mtama wote ndio huu."

"Tukiutua hapa tunaondoka na mtoto. Atakula nini?"

Nilitafuta jibu kwa kweli, nikataja mlenda, nikamtaja mjomba, nikasema nitampa cha kwangu. Mama alisikiliza yote mpaka nikaishiwa. Kisha akajitwisha kikapu chake, akaniinulia changu akanitwisha, akaita hodi akiwa nje, akamwambia yule mwanamke, "Sisi tulikuja kusalimia tu."

Yule mwanamke alipiga magoti palepale kwenye vumbi akashika miguu ya mama. Mama akamwambia inuka, mtoto anakuona. Walitusindikiza mpaka kwenye kijito, mdogo wangu ameshikwa mkono. Tulipovuka alitupungia, akatuitia neno kwa sauti yake ileile kubwa. Neno hilo hata mimi nililijua, kwa kuwa Warangi waliosafiri walikuwa wakilisema kwa Kiswahili. Alisema, "Karibuni tena, wageni."

Aliishi. Njaa kubwa zaidi iliyokuja baada ya Mjerumani kuondoka, iliyommaliza mjomba na watoto wake wawili, ilimkosa huko Kondoa. Aliolewa, akazaa, akazikwa Kiislamu, na siku ya maziko yake mimi nilikaa pamoja na watu wa mbali. Mpaka leo hapa Dodoma kuna nyumba nyingi zina damu yao Kondoa, wanasali tofauti, wanasema lugha tofauti, na wengine wakikutana sokoni hawajuani. Nikimpata mjukuu wangu akiwa hana kitabu mkononi nitamwambia hayo.

Lakini kitu ninachotaka kukiandika kabla mkono haujachoka ni cha siku ya pili ya kurudi. Tulikuwa hatuna kingine, mama akafungua kikapu chake kando ya njia, akasaga kwenye jiwe, akapika ugali. Alipiga tonge moja akalishika mkononi muda mrefu, halafu akaniwekea mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na sikuwa nimeshiba tangu vita vianze. Nilijua vizuri huo ni mtama wa nini. Niliula wote, ulikuwa mtamu, nikamwomba mama aniongeze.